Mwongozo kwa Mtu Mwenye Miguu Mitano

Mgeni wa kawaida huingia kwenye jengo la umma kwa miguu miwili. Anapekuliwa begi, anaandika jina na namba ya simu kwenye daftari kwa kalamu iliyofungwa kamba mezani, anaacha kitambulisho, anavishwa kadi ya mgeni, anaenda zake. Wewe unataka kuingia na mitano: miwili yako, mitatu ya kamera. Kwa ajili ya hiyo mitatu umeandikiwa mwongozo huu, maana mwingine hutaupata. Ukutani pale mapokezi lipo tangazo la mavazi yasiyotakiwa, lipo la rushwa ni adui wa haki, lipo la kuzima simu. La tripodi halipo. Limo kichwani mwa mlinzi, na mlinzi wa zamu ya jioni ana la kwake.

Kabla ya yote, ujue unavyoonekana. Ndani ya jengo hilohilo watu wamekuwa wakipiga picha tangu asubuhi bila kuulizwa. Binti aliyepata cheti chake cha kuzaliwa amejipiga nacho. Watumishi wamepiga ya pamoja kumuaga mstaafu. Kijana anayefuatilia mafao ya baba yake ameupiga picha ubao wa matangazo asije akakosea tarehe. Baadhi ya simu zao zina kamera ya megapikseli 200 na zinaona gizani bila taabu. Hakuna aliyeshtuka. Mwenye simu huonekana anajifurahisha. Mwenye tripodi huonekana ametumwa, na aliyetumwa lazima awe na barua ya aliyemtuma. Ukilishika hilo, mengine yote humu ni nyongeza.

Utaambiwa uiache nyumbani. Anayekuambia hivyo hajawahi kupiga picha ndani ya jengo la zamani. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 mkononi, picha huanza kutikisika ukienda polepole kuliko sehemu ya hamsini ya sekunde. Sasa ingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Mwanga mwingi humo hupita kwenye vioo vya rangi, na mwanga wa vioo vya rangi ni mzuri kwa sala kuliko kwa kamera. Ukitaka nguzo ya karibu na altare ya mbali zote zitoke kali, unabana tundu la lenzi, na ukibana tundu, kamera inaomba sekunde nzima, pengine mbili. Mkono wa binadamu hautulii sekunde mbili, hata awe amefunga. Miguu mitatu ilibuniwa kwa ajili ya hapo, wala haikukusudiwa kumtisha mtu.

Lakini inatisha, na nje ya jengo inatisha zaidi kuliko ndani. Kwetu chombo cha miguu mitatu kikisimama kando ya barabara kina historia ambayo haikuletwa na wapiga picha. Ni chombo cha mpima. Mpima akishaondoka huja mtu na kopo la rangi nyekundu, anachora X ukutani; baada ya X huja tingatinga. Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya waliliona hilo kwa macho mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kwa hiyo ukisimamisha miguu yako mbele ya ofisi ya kata kwa sababu umependa paa lake la vigae, usishangae mama wa genge akiacha mizani, akaja kukuuliza kwa sauti ya chini: "Baba, mnapima mpaka wapi?" Mjibu haraka. Usianze kwa kutabasamu, maana na yule wa rangi nyekundu naye alianza kwa kutabasamu.

Sasa getini. Mlinzi wa jengo la umma aghalabu si polisi. Ni mwajiriwa wa kampuni iliyoshinda zabuni. Amevaa sare iliyokatwa kwa mwili wa mtu mwingine, ana kirungu, ana kile kifaa cha mkononi kinacholia kikipita juu ya funguo, na anasimama saa nyingi kuliko mtu yeyote anayemsalimia akipita. Mwite afande. Si afande, na anajua kwamba unajua, lakini ndivyo mazungumzo yanavyoanza vizuri. Akiwa na mvi, anza na shikamoo, kisha uwe tayari kwa yafuatayo:

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hicho nini?"

"Stendi ya kamera."

"Ya kufanyia nini?"

"Kupigia picha. Huu ukumbi."

"Una kibali?"

"Kinatolewa wapi?"

"Huko ndani."

"Basi naomba nipite nikakichukue."

"Na hicho? Hupiti nacho."

Usimcheke. Fikiri hesabu yake. Akikukatalia, hakuna mtu duniani atakayemwuliza kwa nini. Akikuruhusu, na wiki ijayo picha ya dari linalovuja la ukumbi huo ikatokea gazetini, ataulizwa na watu wanne, mmoja wao akiwa ameshika barua ya kumwachisha kazi. Ungekuwa wewe ungefanya alivyofanya, tena kwa heshima ndogo zaidi. Ndiyo maana kumbishia ni kupoteza pumzi: unabishana na mtu ambaye amri aliikuta, hakuitunga, na aliyeitunga pengine alihamishwa kituo miaka iliyopita.

Ukiambiwa kibali kiko ndani, na stendi umeiacha kwa mlinzi (mwombe aiegemeze ukutani, asiikunjue kuonyesha wenzake), utaanza safari ya barua. Mapokezi watakuelekeza kwa katibu muhtasi. Katibu muhtasi atakwambia afisa utawala yuko kwenye kikao, lakini uandike barua. Barua itapelekwa masjala ikagongwe muhuri wa kupokelewa, ifunguliwe jalada, jalada lipande ghorofani. Hayo yote ni sawa, ndivyo serikali zinavyokumbuka. Kazi iko kwenye mstari wa barua unaoitwa madhumuni.

Ukiandika kwamba ni utafiti, utaulizwa kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ukiandika filamu, utapelekwa Bodi ya Filamu. Ukiandika habari, utatakiwa kitambulisho cha mwandishi chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Ukiandika biashara, patatafutwa mtu wa kukadiria ada, naye yuko likizo. Kila uongo una ofisi yake na fomu yake. Ukweli pekee ndio hauna fomu: kwamba ulipita siku moja kulipa kodi ya kiwanja, ukaona jinsi mwanga wa jioni unavyopanda ile ngazi ya mbao, ukataka kuupiga picha. Ukiandika hivyo, barua yako itasomwa kwa sauti, na chumba kizima kitakubaliana kwamba kuna jambo unaficha.

Na tuseme umekubaliwa. Ofisi za serikali Tanzania bara hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Mwanga unaoutafuta, ule wa samawati ambao huja jua likishazama wakati taa za jengo zimeanza kuwaka, hutokea Dar es Salaam kati ya saa 12 na saa 1 jioni, tena kwa dakika chache, kwa sababu huku karibu na ikweta jua halizami kwa kusitasita. Aliyesaini kibali chako saa hiyo yuko kwenye foleni ya magari. Mlinzi wa usiku amekuja. Anaitazama saini kwa tochi, anaugeuza ule waraka nyuma kuona kama kuna kingine, anakurudishia. "Huyu aliyesaini simjui. Mimi nimeambiwa mtu asipige."

Hapa nikuombe utoe pochi. Kama una buku, yaani noti ya shilingi 1,000, igeuze nyuma. Utaona jumba jeupe la ghorofa, lenye matao. Hiyo ni Ikulu ya Magogoni, Dar es Salaam, ambayo ukiielekezea kamera ukitokea upande wa feri utajifunza kukimbia. Kama mambo yako ni mazuri na unao msimbazi, ile nyekundu ya 10,000, nayo igeuze: ni makao ya Benki Kuu. Mbele ya geti la benki hiyo jaribu kukunjua miguu mitatu, kisha utafute mtu wa kukupelekea chakula. Noti hizo za toleo la 2010 zimepita mikononi mwa makonda, wauza dagaa, watoto wa sadaka, wageni wa kila taifa. Ni picha zilizosambazwa kuliko picha nyingine yoyote nchini, na aliyezisambaza ni dola yenyewe.

Majirani wametupita. Tangu 2019 noti zote mpya za Kenya, kuanzia ya 50 hadi ya 1,000, zina jengo la mikutano la KICC, Nairobi, lile lililokamilika 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Noti hizo zilipokelewa kwa kesi: sanamu ya Jomo Kenyatta imo kwenye picha hiyo, na mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani akidai kwamba Katiba inakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti. Mahakama haikukubaliana naye. Kwa hiyo huko Nairobi soja anaweza kukuzuia usipige picha ya mnara ambao yeye na wewe mmeubeba mifukoni, na ambao mtu akilipa kiingilio hupandishwa hadi paani, akapiga mji wote picha kwa simu mpaka betri ikaisha.

Ikulu ya Magogoni, tuirudie kidogo, ilikuwa jumba la gavana wa Kijerumani. Meli za kivita za Waingereza zililipiga mizinga mwaka 1914, wakaja wenyewe kulijenga upya 1922. Hawakuwa na kibali, na kwa taarifa zilizopo hawakuwa na tripodi.

Lakini mwongozo unaomcheka mlinzi tu ungekuwa mwongozo wa kijinga. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi peke yake walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa wamekwenda kazini kama siku nyingine. Miaka miwili baadaye mtu mmoja, Ali Mohamed, alikiri mbele ya mahakama ya New York kwamba yeye ndiye aliyekwenda Nairobi miaka ya mwanzoni ya tisini kupeleleza, akapiga picha, akachora ramani, akaandika ripoti. Na kwamba Osama bin Laden alipoonyeshwa picha ya ubalozi aliweka kidole mahali ambapo lori lingeweza kuingia. Picha ya jengo. Kisha likaja shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Kisha la DusitD2, mji huohuo, Januari 2019, watu 21. Kioo kinachopitishwa chini ya gari, mashine ya kulia mlangoni, yule dada anayekupapasa mabega akiomba radhi: vyote vimetoka huko. Mtu anayekwambia hofu ya picha ni ushamba, mwambie asome kwanza.

Swali ni kama miguu mitatu ndiyo ya kuogopwa. Mpelelezi hutafuta kutoonekana. Anataka dakika moja, simu mkononi, na uso wa mtu anayesubiri bajaji. Siku hizi hata hiyo dakika haihitaji, maana paa la jengo, geti la nyuma na njia ya kuingilia magari vinaonekana kwenye picha za setilaiti ambazo mtoto wa darasa la tano anazifungua akitafuta nyumba ya bibi yake. Mtu aliyekunjua chombo chenye urefu wa kifua chake katikati ya ukumbi, akainama nyuma yake dakika ishirini akingoja watu wapite, ndiye mtu anayeonekana kuliko wote humo ndani. Ukitaka kumkamata huna haja ya kumkimbilia.

Zipo sababu nyingine, za kawaida kabisa, ambazo hakuna mlinzi anayezitaja ingawa ndizo zinazosimama zenyewe. Miguu hiyo inapanuka, na ngazi au korido ndiyo njia ya kutokea moto ukiwaka. Mtu mmoja akijikwaa, wa nyuma wanamwangukia. Ncha za chuma huchimba sakafu ya mbao na kukwangua vigae vya zamani ambavyo hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena. Kwa hiyo nunua vifuniko vya mpira, usijitandaze katikati ya njia, ondoka watu wakianza kupishana kwa mabega. Sababu hizo nazikubali, na ningezikubali zaidi kama zingeandikwa mahali.

Kuna njia za kuponea. Nazitaja kwa mashaka, kwa sababu mwongozo ukishasambaa, walinzi nao husoma.

Ya kwanza ni kilo ya maharage. Uyatie kwenye mfuko wa kitambaa, ushone, ulaze kamera juu yake kwenye kingo ya dirisha au mgongo wa benchi. Inatulia kama imejengewa. Mlangoni utaulizwa, "Haya?" utajibu, "Maharage," na hakuna kanuni ya usalama katika Afrika Mashariki inayozuia maharage. Wapiga picha wa wanyama porini wanautumia mfuko huo kwenye madirisha ya magari, na kazi wanayoifanya unaiona kwenye kalenda.

Ya pili ni mguu mmoja. Upo mlingoti wa kamera wenye mguu mmoja tu, na kwa kuwa haufanani na chombo cha mpima, wengi huupitisha kama bakora. Kama umri wako unaruhusu, utembelee kweli. Kama hauruhusu, chechemea. Hautulii kama mitatu, lakini ukiuegemeza kwenye nguzo na kushusha pumzi kabla ya kubonyeza, utapata robo ya sekunde safi, na kwenye korido nyingi robo inatosha. Ukikosa hata huo, piga picha nyingi za haraka mfululizo mahali pamoja, uziunganishe nyumbani kwa programu. Ndivyo simu inavyofanya kimyakimya inapojifanya ina macho ya ajabu.

Ya tatu ni bibi harusi. Sijapata kuona sheria, amri, wala mlinzi anayeweza kusimama mbele ya shela. Mwanamke aliyevaa nguo nyeupe ya kuburura, mwenye wasimamizi sita na shangazi watatu wanaopiga vigelegele, ataingia bustani ya taasisi yoyote ambayo jana ulifukuzwa, na mpiga picha wake atasimamisha tripodi mbili, taa, mwavuli wa kurudisha mwanga na kijana wa kushika shela lipeperuke. Mlinzi atasogeza koni za barabarani mwenyewe. Mahafali nayo yana nguvu hiyo, ila kidogo. Kama una binamu anayekaribia kuoa, zungumza naye kuhusu ukumbi unaoupenda mapema, kabla familia hazijaanza kubishana.

Njia ya nne, ile ya kukunja noti kiganjani na kuiita ya soda, sikushauri. Sisemi hivyo kwa ajili ya lile bango la mapokezi, ingawa Nairobi ofisi nyingi zimebandika mlangoni kwamba umeingia eneo lisilo na ufisadi, na pale ndipo wengi huanza kutafuta chenji. Ubaya wake ni wa kiufundi. Ulikuwa mtu mwenye stendi, kosa ambalo halijaandikwa popote; ukishatoa noti unakuwa mtoa rushwa, kosa lililoandikwa vizuri sana. Tena zamu itabadilika kabla mwanga haujaja, utalipa mara mbili.

Ukikamatwa, utaambiwa ufute. Futa. Simama naye bega kwa bega, mfungulie kioo cha kamera aone, futa moja moja. Ni ibada fupi na huridhisha pande zote mbili: yeye amelinda jengo, wewe umeonyesha utii. Kama hujui, ujue sasa kwamba picha iliyofutwa kwenye kadi haiondoki mpaka nyingine iandikwe juu yake, na programu za kuirudisha zinapatikana bure. Na kwenye simu nyingi picha hukaa kwenye kapu la zilizofutwa kwa siku 30. Mlinzi hajui, au anajua na anataka kwenda nyumbani. Usimweleze.

Ila tofautisha. Ukifika kwenye kambi ya jeshi utakuta bango kubwa, herufi nyeusi, linalosema eneo la jeshi, usipige picha. Kivuko cha Likoni, Mombasa, kinajulikana kwa hilo, na bwawa la Nalubaale pale Jinja vivyo hivyo. Huko hakuna mzaha, na maharage yako yaache kwenye gari. Lakini tazama adabu ya bango la jeshi: linakwambia kabla hujakosea. Watu ambao kazi yao ni siri ndio pekee waliokubali kuandika. Sheria ya Kenya ya maeneo yanayolindwa nayo, ile ya sura ya 204, inamtaka waziri atoe amri kutaja eneo; haisemi kwamba kila mlango wenye mlinzi ni eneo linalolindwa kwa sababu tu mlinzi amekula vibaya.

Usidhani wenzetu wa ng'ambo wamepona. Mwaka 2007 jiji la New York lilitoa rasimu ya kanuni: watu wawili au zaidi wakikaa mahali pamoja na kamera kwa zaidi ya nusu saa, au watano wenye tripodi kwa zaidi ya dakika kumi, muda wa kuikunjua ukiwemo, wawe na kibali na bima ya dola milioni moja. Baba, mama, watoto watatu na stendi, wakichelewa kupanga mistari, wangehitaji wakili. Watu waliisoma, wakaicheka hadharani, wakaandika malalamiko kwa maelfu, na jiji likaiondoa. Kanuni za 2008 zikamwacha huru mwenye tripodi asiyeziba njia. Uingereza nako, kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya 2000 kiliwapa polisi mamlaka ya kumsimamisha na kumpekua mtu bila hata kumshuku, na wapiga picha London wakawa wanasimamishwa kwa kupiga majengo. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema kifungu hicho kinakiuka haki ya faragha, na kifungu hicho hakipo tena.

Waliweza kwa sababu palikuwa na maandishi ya kupeleka mahakamani na ya kuchekwa. Amri ya "nimeambiwa" haina ukurasa. Huwezi kuikatia rufaa, haina tarehe ya kuisha, na haipungui makali hata jengo lenyewe likihamwa. Mpiga picha akirudi mwaka ujao ataikuta, mlinzi mwingine akiwa ameirithi pamoja na kirungu.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho si kwako wewe mwenye miguu mitano. Wewe kashone maharage. Ni kwa wakuu wa taasisi, makatibu tawala, mameneja wa majengo, wenyeviti wa kamati za usalama. Chukueni karatasi moja. Andikeni kama tripodi zinaruhusiwa au haziruhusiwi, sehemu gani za jengo, saa ngapi, ada ni kiasi gani na inalipwa kwa namba ipi. Tajeni ofisi inayotoa kibali, wekeni muhuri na tarehe, bandikeni mlangoni karibu na lile tangazo la mavazi, mpeni mlinzi nakala. Na chini kabisa wekeni namba ya simu ya mtu atakayepokea baada ya saa 9:30 alasiri.